Juan de Pareja na Rangi ya Uso wa Mtu

Katika kazi zote za mkono wa mwanadamu, ni chache zinazoonekana nyepesi kwa mtazamaji zikawa nzito kwa mtendaji kama kazi ya kuchora uso wa mtu kwa rangi zake halisi. Mchoraji akichora mti, na tawi moja likaenda kushoto badala ya kulia, hapana mtu atakayemshtaki, maana miti ni mingi na matawi yake hayana hesabu. Akichora wingu, hapana atakayesema kuwa wingu hilo silo lililopita jana. Lakini uso una mashahidi wengi. Mama humtambua mwanawe katikati ya umati kwa kuona upande wa shavu tu, na rafiki humjua rafiki yake machweo kwa umbo la paji la uso. Kwa hiyo kosa dogo, hata la unene wa unywele, humgeuza mtu akawa mwingine. Na rangi iliyochanganywa vibaya humgeuza aliye hai akafanana na maiti. Wahenga walisema, usione vyaelea, vyaundwa. Uso ulio hai juu ya kitambaa nao umeundwa, na waliojifunza kuuunda walitumia miaka mingi ya maisha yao.

Ugumu wa kwanza umo katika maneno yetu wenyewe. Tukitaka kueleza rangi ya mtu husema kwamba ni mweusi, au mweupe, au maji ya kunde, na msikilizaji huridhika. Maneno hayo yatosha kwa mazungumzo, lakini hayatoshi kwa brashi. Msomaji na anyoshe mkono wake mbele ya dirisha, autazame kana kwamba hajapata kuuona. Ataona kuwa mgongo wa mkono na kiganja si rangi moja; kwamba vifundo vya vidole vimekoza kuliko nyama iliyo baina yao; kwamba upande unaoelekea dirisha una mng'ao ulio karibu na weupe, na upande wa pili una kivuli chenye wekundu au zambarau. Mkono ni mmoja, na jina la rangi yake ni moja, lakini rangi zenyewe ni nyingi. Mchoraji anayepaka jina la rangi hupata kinyago. Anayepaka kile anachokiona hupata mtu.

Historia ya ufundi huu ni historia ya watu kujifunza tofauti hiyo. Katika historia hiyo yumo mtu mmoja aliyeijua rangi katika hali tatu: aliisaga akiwa mtumwa, alichorwa kwayo na bwana wake, na mwishowe akaishika mwenyewe akiwa mtu huru. Jina lake ni Juan de Pareja, naye ndiye kiini cha insha hii. Lakini kabla ya kumfikia yafaa tujue hali ya ufundi ilivyokuwa kabla yake.

Katika Misri ya kale wachoraji walifuata kanuni. Mwanamume alipakwa wekundu wa kahawia, na mwanamke alipakwa manjano. Hapana aliyemwuliza mtu huyu kama kweli rangi yake ilikuwa hivyo. Kanuni ilimtangulia, naye akavikwa kama vazi. Baadaye, katika karne za kwanza baada ya kuzaliwa Kristo, Misri ilipokuwa chini ya Warumi, jambo jipya lilitokea katika nchi ya Fayum. Wachoraji wa huko walichanganya unga wa rangi na nta ya nyuki, wakachora nyuso za watu juu ya mbao nyembamba. Mbao hizo ziliwekwa juu ya nyuso za maiti waliohifadhiwa kwa desturi ya zamani. Mamia ya picha hizo zimesalia mpaka leo kwa sababu ya ukavu wa mchanga wa Misri. Atazamaye huona macho yenye unyevu, mashavu yenye damu, watu wa rangi ya asali na watu wa kahawia iliyokoza, kila mmoja kwa rangi yake. Basi ufundi wa kuchora ngozi ya mtu kama ilivyo ulijulikana katika bara la Afrika zaidi ya miaka elfu moja kabla ya watu wa Ulaya waliosifiwa kwa ufundi huo hawajazaliwa.

Huko Ulaya ufundi ulirudi katika kanuni kwa muda mrefu. Yapata mwaka 1400 mchoraji mmoja wa Italia, Cennino Cennini, aliandika kitabu cha mafunzo kwa wanafunzi wa kazi hiyo. Wakati huo rangi ilichanganywa na kiini cha yai. Cennini alifundisha kwamba anayetaka kuchora uso kwanza aweke udongo wa kijani, kisha juu yake apake wekundu hafifu kwa ngazi, kutoka mwangavu hadi mzito, na ukijani uachwe uchungulie penye vivuli. Aliongeza shauri ambalo huenda likamchekesha msomaji: kwa nyuso za vijana kitumike kiini cha yai la kuku wa mjini, kwa kuwa ni cheupe zaidi, na kwa nyuso za wazee au watu wa rangi iliyokoza kitumike kiini cha yai la kuku wa shamba, kwa kuwa ni chekundu. Tusimdharau mwalimu huyo. Alijua kwamba ngozi si rangi moja, na kwamba rangi ya chini hubadilisha rangi ya juu. Upungufu wa mafunzo yake ni kuwa uso ulipikwa kama chakula, kwa vipimo vilivyojulikana kabla mtu hajaketi mbele ya mchoraji.

Katika karne ya 15 mafundi wa Flanders, na hasa Jan van Eyck, waliyafikisha mafuta ya kitani katika ukamilifu mpya. Mafuta hukauka polepole. Kwa hiyo mchoraji aliweza kulainisha mpaka baina ya mwanga na kivuli, na kuweka tabaka jembamba la rangi juu ya tabaka jingine, hata mwanga upenye na kurudi. Jambo hili lilifaa sana kwa ngozi. Ngozi ya mtu haifanani na ukuta uliopakwa chokaa. Sehemu ya mwanga huingia ndani yake, hukutana na damu na ile rangi ya asili iliyomo mwilini, kisha hurudi nje ikiwa imegeuka. Sehemu nyingine hurudishwa juu kwa juu kama juu ya maji. Mafuta yalimpa mchoraji njia ya kuiga mambo hayo mawili pamoja.

Diego Velázquez alizaliwa katika mji huu wa bandari, Sevilla, katika Hispania, mwaka 1599. Alifundishwa na Francisco Pacheco, ambaye baadaye alikuwa mkwewe. Pacheco aliandika kitabu juu ya kazi ya uchoraji, kikachapishwa mwaka 1649 baada ya kufa kwake, na humo alieleza jinsi mwanafunzi wake alivyojifunza. Kijana Velázquez alimlipa mtoto mmoja wa shamba akae mbele yake, mara akilia, mara akicheka, naye akamchora tena na tena kwa makaa na chokaa juu ya karatasi ya buluu. Hakuchagua mtoto wa mkubwa wala uso wa uzuri. Alitaka uso ulio tayari kutazamwa kwa saa nyingi. Hilo ndilo lililokuwa darasa lake.

Sevilla ya siku hizo ilikuwa mji wa utajiri na mji wa utumwa. Waafrika wengi na wazao wao walifanya kazi majikoni, bandarini na katika karakana za mafundi, na wengi wao hawakuwa huru. Yapata mwaka 1618 Velázquez alichora picha ya mwanamke wa asili ya Kiafrika akiwa jikoni, ameinama juu ya meza yenye vyombo. Picha hiyo imo katika jumba la sanaa la Dublin. Mwanga waanguka juu ya kitambaa cheupe cha kichwani, juu ya shaba na juu ya vyungu, na uso wake umechorwa kwa uangalifu ule ule. Mwaka 1933 picha hiyo iliposafishwa ilionekana nyuma yake karamu ya Kristo mjini Emau, ambayo rangi ya baadaye ilikuwa imeifunika. Basi ilijulikana kuwa mtumishi yule hakuwekwa pale kama pambo: yeye ndiye aliye mbele, ndiye anayesikiliza.

Juan de Pareja alizaliwa Antequera, kusini mwa Hispania, yapata mwaka 1608. Alikuwa na asili ya Kiafrika, na alikuwa mtumwa wa Velázquez kwa miaka mingi, wakati bwana wake alipokuwa mchoraji wa Mfalme Philip wa Nne mjini Madrid. Alijua kuandika, na sahihi yake imo katika hati ambazo alizishuhudia kwa niaba ya bwana wake. Lakini kazi yake ya kila siku ilikuwa katika karakana, na yafaa tuitazame kazi hiyo kwa makini, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa shule yake.

Rangi za wakati huo hazikununuliwa dukani zikiwa tayari ndani ya vibomba kama zinunuliwavyo sasa. Zilisagwa. Msaidizi alimwaga unga juu ya bamba la jiwe, akatia mafuta ya kitani, akausaga kwa jiwe la mkono mpaka ukalainika kama siagi. Weupe ulitoka katika madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa anayeivuta vumbi yake. Manjano na kahawia zilitoka katika udongo wenye kutu ya chuma, ndugu wa udongo mwekundu ambao watu wetu wengi wamejipaka tangu zamani. Wekundu mkali ulitoka katika zebaki iliyounganishwa na kiberiti. Wekundu mwingine, mwororo na wa kupitisha mwanga, ulitokana na wadudu wadogo waliokaushwa. Weusi ulitoka katika mifupa iliyochomwa au makaa. Buluu ilitoka katika jiwe lenye shaba, au katika kioo cha buluu kilichosagwa. Kitambaa cha kitani nacho kilihitaji kuwambwa, kupakwa gundi, na kupewa rangi ya msingi kabla brashi ya fundi haijakigusa.

Asagaye rangi kila siku hujua mambo ambayo hayaandikwi. Hujua kwamba weusi wa mifupa ukichanganywa na weupe hutoa kijivu kinachoelekea ubuluu. Hujua kwamba udongo wa kahawia hukauka upesi, na weusi huchelewa. Hujua ni rangi ipi inayofunika na ipi inayopitisha mwanga. Zaidi ya hayo, huona ni ipi inayokwisha kwanza wakati bwana anapochora uso. Hatuna daftari la mafunzo ya Pareja, lakini tuna matokeo yake, na matokeo hayo yatathibitisha kuwa macho yake hayakulala mikono ilipokuwa ikisaga.

Mwaka 1649 Velázquez alisafiri kwenda Italia kumnunulia mfalme wake picha na sanamu, naye Pareja alifuatana naye. Walipokuwa Roma, mwaka 1650, Velázquez alitazamia kumchora Papa Innocent wa Kumi. Antonio Palomino, aliyeandika maisha ya wachoraji wa Hispania mwaka 1724, asema kwamba Velázquez alitaka kwanza kuzoeza mkono wake kwa kuchora kichwa cha mtu aliye hai. Mtu aliyemchagua alikuwa Juan de Pareja.

Picha hiyo si kubwa. Ina urefu wa kama sentimeta 81 na upana wa kama sentimeta 70. Pareja amesimama nusu upande, mkono wake umepita mbele ya kifua kushika joho, ukosi mpana mweupe umekaa juu ya mabega, na macho yake yamwelekea mtazamaji moja kwa moja. Hapana chombo mkononi mwake, wala hapana alama yoyote ya utumwa. Asiyejua habari yake angedhani anamwona mtu wa cheo aliyekuja kwa hiari yake kuchorwa.

Tutazame sasa jinsi rangi yake ilivyoundwa, kwa kuwa hapa limo somo lenyewe. Mwanafunzi asiyejua angechukua kahawia moja akaipaka uso mzima, kisha angeongeza weusi penye kivuli na weupe penye mwanga. Uso huo ungekuwa na rangi ya vumbi, maana weusi mtupu huua rangi, na weupe mtupu huitia majivu. Velázquez hakufanya hivyo. Katika vivuli vya uso wa Pareja umo uvuguvugu wa udongo mwekundu na kahawia, na chini ya ngozi waonekana wekundu wa damu, hasa penye midomo na mashavu. Penye paji la uso na mfupa wa shavu umo mng'ao, na mng'ao huo umewekwa kwa madoa machache ya rangi nzito yenye kijivu na ubaridi ndani yake.

Siri ya mng'ao huo ni hii. Ngozi iliyokoza haifichi mwanga. Huuonyesha kwa nguvu zaidi, kwa kuwa tofauti baina ya rangi ya ngozi na mwanga unaorudishwa ni kubwa. Na mwanga unaorudishwa juu kwa juu hauchukui rangi ya ngozi, bali huchukua rangi ya mahali ulikotoka. Mtu mweusi akisimama chini ya mbingu iliyo wazi, paji lake la uso huwa na ubuluu. Akiketi karibu na moto wa jioni, huwa na wekundu wa dhahabu. Anayejua hayo hawezi tena kuuliza rangi ya ngozi ya Kiafrika ni ipi, kama vile rangi ingekuwa moja ndani ya chupa. Atauliza ni ngozi ya nani, mahali gani, na saa ngapi.

Liko jambo la pili. Velázquez alifanya sehemu ya nyuma ya picha kuwa ya kijivu chenye ukijani, na vazi likawa la rangi iliyo karibu nayo. Rangi moja ikiwekwa kando ya nyingine huibadilisha machoni. Kando ya kijivu na ukijani, kahawia ya uso iliwaka kwa joto. Kando ya ukosi mweupe, ilipata kina. Hivyo si uso peke yake uliochorwa ili uso uonekane. Kila inchi ya kitambaa ilikuwa mtumishi wake.

Palomino asimulia kwamba Velázquez aliwapelekea rafiki zake picha hiyo kwa mkono wa Pareja mwenyewe. Watu wakasimama kwa mshangao, wakamtazama aliyebeba na aliyebebwa, wasijue ni yupi wa kusema naye. Tarehe 19 Machi 1650, siku ya Mtakatifu Yosefu, picha iliwekwa hadharani katika jengo la kale la Pantheon, na wachoraji wa mataifa mengi wakaisifu. Baada ya hapo Papa alichorwa, na picha yake ingali mjini Roma, katika jumba la ukoo wake. Wengi huihesabu miongoni mwa picha bora za sura zilizopata kuchorwa. Lakini mtumwa ndiye aliyetangulia.

Hapa msomaji mwenye moyo atauliza swali ambalo wasifu wa siku ile hawakuuliza. Mtu huyu alisifiwa na Roma nzima, lakini jioni ya siku ile alirudi kwa nani? Alirudi kwa mwenye mali yake. Rangi ilimpa heshima ambayo sheria ilimnyima. Bwana wake aliweza kuona kila kivuli cha uso wake, akakipima na kukitendea haki. Lakini haki ya mwili mzima haikuwa imetolewa. Yawezekana mtu akaona vizuri kwa jicho na bado akachelewa kutenda kwa mkono. Jambo hilo si geni katika pwani yetu wenyewe, ambako hali ya utumwa haikufutwa na sheria ya Kenya mpaka mwaka 1907, ingawa majirani waliishi uso kwa uso na watumwa wao kwa vizazi vingi.

Uhuru wa Pareja ulikuja mwaka huo huo. Tarehe 23 Novemba 1650, mjini Roma, Velázquez alitia sahihi hati ya kumwacha huru, kwa sharti kwamba atumike miaka minne zaidi, wala asitoroke wala asitende uhalifu. Basi uhuru wenyewe ulitimia mwaka 1654.

Kwa muda mrefu watu walisimulia habari nyingine. Palomino aliandika kuwa Velázquez, kwa ajili ya heshima ya sanaa, hakumruhusu mtumwa wake kugusa brashi. Kwamba Pareja alijifunza kwa siri. Kwamba siku moja aliiweka picha yake ikielekea ukutani mahali ambapo mfalme alizoea kuzigeuza picha na kuzitazama. Na kwamba mfalme, baada ya kuiona, alisema mwenye kipawa kama hicho hawezi kuwa mtumwa. Hadithi hiyo ni tamu, na imechapishwa katika vitabu vingi. Lakini mwaka 1983 hati ya Roma ilichapishwa, na tarehe yake, mahali pake na mtoaji wake havipatani na hadithi ya mfalme. Msomaji wa historia na ajifunze hapa namna ya kupima. Hadithi iliandikwa zaidi ya miaka 70 baada ya tendo. Hati iliandikwa siku ya tendo. Hadithi yampendeza mfalme na yamfanya uhuru kuwa tuzo ya kipawa, kana kwamba asiye na kipawa alistahili minyororo. Hati haina utamu wowote, wala haisemi neno juu ya kipawa. Katika mambo mawili hayo, mwenye kutafuta kweli hushika hati.

Picha za Pareja zenye mwaka tunazozijua ni za baada ya uhuru wake. Mwaka 1658 alichora safari ya jamaa takatifu kwenda Misri, na mwaka 1667 ubatizo wa Kristo. Kazi yake kubwa ni ya mwaka 1661, nayo yaonyesha kuitwa kwa Mathayo mtoza ushuru. Imo katika makumbusho ya Prado mjini Madrid, na upana wake wapita mita tatu. Ukumbi una watu wengi, mazulia, dhahabu na mavazi ya thamani. Upande wa kushoto kabisa amesimama mtu aliyevaa vizuri, ameshika karatasi yenye jina la mchoraji na mwaka. Ni Pareja mwenyewe, amejichora miongoni mwa watu wa hadithi takatifu.

Tukizilinganisha picha hizi mbili, twakutana na jambo la kufikirisha. Katika picha ya bwana wake, uso wa Pareja umekoza, nywele zake ni nene na za kusokotana. Katika picha aliyojichora mwenyewe, ngozi yake ni nyeupe zaidi, na sura imekaribia sura za Wazungu. Hakukosa ujuzi, mkono uliochora mazulia na lulu zile haungeshindwa kuchanganya kahawia. Alichagua. Baadhi ya wataalamu huona kwamba alitaka kuonyesha nuru ya imani iliyomgeuza. Wengine huona kwamba aliishi katika nchi iliyomhesabu mtu kwa weupe wa damu yake, naye akajipatia kwa brashi kile ambacho nchi ilikiheshimu. Huenda maelezo yote mawili yana ukweli ndani yake. Tusiwe wepesi wa kumhukumu. Mtu aliyetazamwa maisha yake yote kwa macho ya wengine si ajabu akijitazama kwa macho hayo hayo. Lakini tusiwe wepesi wa kupita pia, maana hapa twajifunza kuwa kuchora rangi ya kweli si kazi ya jicho na mkono tu. Ni lazima moyo nao ukubali kwamba kile kinachoonekana ni chema.

Pareja alifariki Madrid yapata mwaka 1670, na jina lake likabaki katika kivuli cha bwana wake. Mtu aliyelitafuta kwa bidii alikuwa Arturo Schomburg, mzaliwa wa Puerto Rico aliyeishi New York na kukusanya vitabu na hati za historia ya watu weusi. Mwaka 1926 maktaba ya umma ya New York ilipata mkusanyo wake, naye kwa fedha alizopata akasafiri hadi Hispania, akatafuta kazi za Pareja na kusimama mbele ya picha ya Mathayo. Hakumtafuta mtumwa wa Velázquez. Alimtafuta mchoraji. Mwaka 1970 picha ya sura ya Pareja iliuzwa mnadani London kwa pauni 2,310,000, bei ambayo haikuwa imepata kutolewa kwa picha yoyote mnadani, na mwaka uliofuata ikaingia katika makumbusho ya Metropolitan ya New York. Uso wa mtu aliyekuwa mali ukawa na bei kubwa kupita mali zote za aina yake. Hatimaye, mwaka 2023, makumbusho hayo yalifanya maonyesho yaliyomhusu Pareja mwenyewe na kazi zake, na kumtaja kwa cheo alichokistahili.

Katika Kenya nasi tumepata wanafunzi wa somo hili. Joy Adamson, aliyefika nchini mwaka 1937, aliagizwa na serikali ya kikoloni kuchora watu wa makabila ya Kenya katika mavazi yao ya asili. Alichora mamia ya picha, na nyingi alizitia katika kitabu kilichotoka mwaka 1967. Katika miaka ya 1950 Elimo Njau, aliyesomea uchoraji Makerere, alichora juu ya kuta za kanisa la ukumbusho la Murang'a maisha ya Kristo, na watu wote wa hadithi hiyo, pamoja na Kristo mwenyewe, wakawa Waafrika katika milima na mashamba ya nchi ile. Wa kwanza alichora watu aliowakuta. Wa pili alifanya jambo ambalo Pareja hakulifanya: alipoingiza uso wa watu wake katika hadithi takatifu, aliuingiza na rangi yake.

Kijana anayetaka kujifunza kazi hii leo hana haja ya kusaga risasi wala kungoja yai la kuku wa shamba. Rangi zipo, na kwa kuanzia zatosha chache: nyeupe, manjano ya udongo, nyekundu, kahawia, buluu na nyeusi kidogo. Na aketi mbele ya mtu aliye tayari kutazamwa, mwanga utoke upande mmoja, aanze na vivuli vyenye uvuguvugu, afuate rangi za kati, na mng'ao auweke mwisho, mchache, kwa rangi ya mwanga wenyewe. Na asione haya kuharibu vitambaa vingi. Lakini kabla ya yote na asahau jina la rangi ya mtu yule. Majina ya rangi yametumika duniani kuwagawa watu, kuwauza na kuwanunua, na kila jina hilo lilitolewa na mtu ambaye hakutazama sana. Atazamaye sana hukosa jina, hupata uso. Na mwenye kuupata uso wa mwenziwe hawezi tena kusema kwamba hakumjua.